Sifa za Redio Niliyoifunga kwa Mkono Wangu

Wapo waliotungiwa sifa wangali hai, wapo waliosubiri hadi wakazikwa. Redio ya gari langu haijasifiwa na mtu hata mmoja, na waliowahi kuitaja waliitaja huku wamekunja uso. Mama watoto huiita "hilo dude lako". Fundi wa umeme alipoichungulia kwa tochi alinyamaza kama mtu aliyeitwa kutambua maiti. Basi nimeona niitendee haki mimi mwenyewe, kabla gari halijauzwa.

Gari ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1997. Lilishuka bandari ya Dar es Salaam na redio yake ya asili, redio yenye adabu zote isipokuwa moja: haikutusikia. FM ya Japani huanzia megahezi 76, na redio za zamani za kule ziliishia 90. Yetu inaanzia 87.5 mpaka 108. Redio hiyo ikifika kwetu inakuwa kama mgeni anayeijua nyumba moja tu mtaani. Stesheni chache zilizo chini ya 90 anazibishia hodi, zilizobaki zote anazipita bila salamu, na kule chini kwenye sabini na kitu anasikia mvumo mtupu.

Dawa yake inajulikana. Kuna kidude cha kuchomeka kati ya antena na redio, kinazishusha stesheni za juu kwa megahezi kumi na kadhaa ili zienee kwenye masafa ya Kijapani. Nilikuwa nacho. Mtangazaji anajigamba kwamba uko naye mia moja nukta kadhaa, kioo cha redio kinaandika 87, nami katikati kama hakimu aliyeletewa mashahidi wawili, wote waongo. Tena lile gari lilikuwa na kisanduku cha kulipia barabara za kwao. Kila nikiwasha, mama mmoja wa Kijapani alinitolea maneno marefu yenye heshima nyingi. Nilikuja kuambiwa kwamba alikuwa akilalamika kuwa sijaweka kadi. Mimi miezi yote hiyo nilikuwa namwitikia "marahaba".

Nikaenda Kariakoo nikanunua redio ya Kichina, ya kuchomeka flashi na kupokea simu kwa blututhi. Muuzaji akasema, "Fundi huyu hapa, bosi. Elfu ishirini, nusu saa umemaliza."

Nusu saa! Hebu fikiri hasara yake. Nusu saa ya fundi inakuzalia redio, basi. Mimi nilitumia Jumamosi tatu na nikazaliwa upya. Nilijua maana ya kulala chali kwenye sakafu ya gari, kichwa chini ya usukani, miguu mlangoni, watoto wa jirani wakihesabu vidole vyangu. Nilizijua klipu za plastiki zilizokaushwa na jua kwa zaidi ya miaka ishirini, zinavyolia "ka!" na kukufundisha kusubiri. Nyuma ya dashibodi nikaokota sarafu ya yeni 5, ile yenye tundu katikati, na ganda la peremende. Fundi wa nusu saa angeitia mfukoni yeni yangu nisijue kamwe kwamba gari hili lilibeba mtoto.

Halafu vipimo. Wajerumani waliwahi kukaa wakaamua ukubwa wa mdomo wa redio ya gari: upana milimita 180, kimo 50, au mara mbili yake, 100, kwa zile kubwa. Dunia ikawafuata. Toyota wakachonga tundu lao la milimita 200. Ndiyo maana redio ngeni ndani ya Corolla inabaki na mwanya wa sentimita moja kila upande, kama jino lililong'oka. Madukani zinauzwa fremu za kuziba pengo hilo. Mimi niliziba kwa ndala, ya kushoto, ya bluu. Inameza mtikisiko wa barabara vizuri kuliko plastiki, na abiria akiuliza ni nini namwambia ni raba maalumu, jambo ambalo si uongo.

Lakini utukufu wenyewe uko kwenye waya. Redio za madukani zina lugha yao ya rangi, na mtu akishaifahamu hujiona msomi. Njano ni moto wa kudumu kutoka kwenye betri, ndiyo inayotunza kumbukumbu. Nyekundu ni moto wa funguo, unakuja ukiwasha na kuondoka ukizima. Nyeusi ni ethi. Nyeupe, kijivu, kijani na zambarau ni spika nne, kila moja na mwenzake mwenye mstari mweusi. Nikakariri kama mtoto wa madrasa, kisha nikachungulia mkia wa waya uliotoka kwenye Corolla. Nao una njano! Una nyekundu! Una nyeusi! Nikasema, tazama, Mola ni mwema, nikafunga njano kwa njano, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi.

Kimya.

Ilinichukua Jumamosi nzima kugundua kwamba kwa Toyota nyeusi na njano ni spika ya nyuma kushoto, na nyekundu ni ya nyuma kulia. Moto wa kudumu umevaa bluu yenye mstari wa njano, moto wa funguo ni ule wa kijivu, na ethi ni kahawia. Nilikuwa nimeiomba spika iniletee umeme. Namshukuru Mungu sikuwa nimeigusa ile ya kijivu, maana ningeingiza moto wa betri kwenye tundu la kutolea sauti na redio ingekufa kabla haijazaliwa. Mjomba wangu, aliyefunga redio nyingi enzi za kaseti, alipita akatoa ushauri: "Hasi zote za spika zifunge kwenye bodi, usijisumbue." Ushauri wa enzi zake. Redio za siku hizi huisukuma spika kwa waya zote mbili, na ukiugusisha mmoja kwenye bodi unakuwa umechinja amplifaya. Nikamwitikia "ndiyo, mjomba," nikasubiri aende zake.

Wiki iliyofuata ncha ya waya wa njano ikabusu chuma. Cheche, harufu, fyuzi ikakata. Jirani akanishauri niifunge kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nilikataa, si kwa busara bali kwa sababu hakuna aliyekuwa na sigara. Na harufu hiyo ya waya isidharauliwe, ina nasaba. Mwaka 1930 Paul Galvin wa Chicago, ambaye kampuni yake ndiyo iliyokuja kuitwa Motorola, alifunga redio kwenye gari lake akaendesha zaidi ya kilomita elfu moja hadi Atlantic City, kwenye mkutano wa watengenezaji wa redio. Hakuwa na meza ya maonyesho, basi akaegesha nje na kufungulia sauti. Inasimuliwa pia kwamba akitafuta mkopo alimfungia redio meneja wa benki kwenye Packard yake, na haikupita muda gari likawaka moto. Kwa hiyo ninapokaa na harufu ya plastiki iliyoungua, nakaa katika jamii ya watu wazito.

Redio iliwaka Jumamosi ya tatu, jioni. Sasa nizitaje fadhila zake, ingawa haziishi.

Ina mluzi. Injini ikipanda nao unapanda, ikishuka unashuka. Wenye wivu wanasema ethi imelegea. Gari langu halina mshale wa kuonyesha mizunguko ya injini, na sasa linao wa sauti. Nabadilisha gia kwa sikio kama mpiga zumari.

Haina besi. Kati ya spika mbili za mbele, moja niliigeuza chanya na hasi, ikawa inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, zinanyang'anyana besi hadi inapotea njiani. Ningeweza kuzipima kwa betri ya tochi ya volti 1.5: ukigusisha, chanya kwa chanya, ngozi ya spika inaruka nje, na ukikosea inarudi ndani. Nilijua hilo baada ya kuwa nimeshabandika milango. Siku moja nikampakia mama mkwe kutoka Ubungo hadi Mbagala, bongo fleva ikipigwa njia nzima. Aliposhuka akasema, "Redio yako, mwanangu, ina adabu. Haimpigi mtu kifua." Hajawahi kunisifu kwa lingine lolote.

Inapenda watu. Mwanzoni nilifunga njano na nyekundu zote kwenye moto wa kudumu, ikawa hailali. Usiku kucha ilikunywa betri taratibu, asubuhi stata inatoa "tki" na kunyamaza. Miaka minne nimekaa mtaa ule bila kumjua mtu wa nyumba ya tatu. Ndani ya wiki moja nilijua ni nani ana waya za kubusti, nani ana mabega ya kusukuma, na nani hutoka na mswaki mdomoni kuja kutoa maelekezo tu. Nilialikwa harusi mbili.

Mama watoto akasema inatosha. Nikazihamisha zote mbili kwenye moto wa funguo, na hapo ndipo redio ikafikia ukamilifu wake. Kila nikizima gari inasahau kila kitu: stesheni, sauti, simu niliyoiunganisha jana. Asubuhi tunakutana upya bila kinyongo. Hata saa inaanza moja kwa moja 12:00.

Anayehesabu saa kwa Kizungu atasema hapo pameharibika. Lakini mimi naondoka nyumbani alfajiri kuwahi foleni, nawasha gari wakati mwadhini ameshanyamaza na mbingu inaanza kupauka. Saa kumi na mbili kamili. Redio za bei mbaya zinaandika 6:00 na kumwacha Mswahili ajifanyie hesabu. Yangu inajua, na inakwenda nami sahihi, dakika kwa dakika, hadi kwenye geti la ofisi.

Tatizo lilikuwa jioni tu. Kazi inakwisha saa kumi na moja, na nikiwasha muda huo inaandika 12:00, inakuwa mwongo mbele ya abiria. Sikuona haki kuitia aibu. Basi siku hizi wenzangu wakiaga mimi nabaki mezani, napanga mafaili, namwagilia ua la dirishani, mpaka ifike saa kumi na mbili ndipo nishuke. Mwezi uliopita mkuu wa idara aliniandikia barua ya pongezi kwa bidii, nakala kwenye jalada. Nimeikunja nikaiweka kwenye droo ya gari, karibu na ile yeni 5.