Mstari wa Jogoo

Zamani, wala si za kale sana, visiwa vinne vilikuwa ndugu: Ngazija, Mwali, Nzwani na Maore. Mbuzi wa Nzwani alipanda ngalawa kwenda Maore kumzika shangazi yake, akarudi alipotaka, asiulizwe na mtu.

Mwaka 1975 watatu wakajitoa mikononi mwa Jogoo, bwana wa ng'ambo. Komba wa Maore akakataa. Alipiga kura mwenyewe abaki chini ya bawa la Jogoo, na kura hiyo hakuna wa kumpokonya.

Mwaka 1995 Jogoo akachora mstari majini: asiye na viza asivuke. Mwaka 2014 akatangaza kwamba mchanga wa Maore umo ndani ya Umoja wa Ulaya.

Habari zikamfikia Ngamia wa Moroko. "Mwaka 1987 niliomba kuingia Jumuiya ya Ulaya, nikaambiwa mimi si wa bara lile. Kwangu Hispania naiona kwa macho, kilomita 14 tu za maji! Maore iko jirani na Msumbiji. Vipi leo ni Ulaya?"

"Bara hufuata bendera," akajibu Jogoo.

"Basi mbona mnatuambia ni jiografia?"

Jogoo hakujibu.

Mbuzi sasa huvuka usiku, kilomita 70, ndani ya boti ya kwasakwasa iliyojaa pomoni. Taa zimezimwa. Mtoto anachota maji kwa kidumu kilichokatwa mdomo, anamwaga, anachota tena. Bahari ile imemeza wengi mno, na wengi hawakuandikwa popote.

Safari hii Mbuzi alifika na mimba yake, akazalia kwenye migomba ya Komba.

"Wanangu wanasoma kwa zamu," Komba akalia. "Bomba limekauka. Nikiwapokea wote nitabaki na nini?" Hofu yake ilikuwa ya kweli.

"Na migomba hii anaipalilia nani?" Mbuzi akauliza.

Komba akanyamaza. Miaka yote aliyempalilia ni Mbuzi, kwa ujira mdogo, akijificha kila apitapo askari.

Kunguru, karani wa Jogoo, akafungua daftari. "Huyu mchanga nimwandike mgeni?"

"Bibi yake na bibi yangu tumbo moja. Mwandike ndugu."

"Daftari halina safu ya ndugu."

"Basi ichore," akasema Komba. "Mlichora mstari baharini, hamshindwi na karatasi."