Vitabu vya Mama Mwenye Nyumba

Kijana anayetaka kutajirika kwa nyumba hapa Dar es Salaam, mimi humwambia aanze kwa kusoma kuta. Ziko bure, hazihitaji taa, na waandishi wake hawazunguki mbuyu. NYUMBA HII HAIUZWI. KIWANJA KINA MGOGORO, OGOPA MATAPELI. KESI IPO MAHAKAMANI. Mgeni akipita Mbagala akaona nyumba nzuri, bati jipya, imeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba haiuzwi, hushangaa: kwani nani kauliza bei? Mwenyeji hashangai. Anajua humo ndani kuna watoto wa mama wawili, marehemu hakuacha wosia, na mmoja wao ameshakula advansi ya mnunuzi. Ukizoea, unasoma hadi rangi yenyewe. Ikiwa mbichi, jua arobaini ya marehemu haijafika. Ikipauka, ama wamepatana, ama aliyeandika naye katangulia na ugomvi umerithiwa pamoja na makochi.

Halafu kuna andiko la herufi moja tu: X, yaani ibomolewe. Mwaka 2017 herufi hiyo ilitembea Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kiluvya, kwa hesabu ya hifadhi ya barabara ya mita 121.5 kutoka katikati. Watu walitoa mafaili yao, wakatoa risiti, wakatoa na picha za harusi zilizopigwa kwenye vibaraza hivyohivyo. Tinga halisomi. Mwaka huohuo X ikafika mpaka kwenye jengo la makao makuu ya TANESCO pale Ubungo, na watu wa Kimara wakalitazama kama mgonjwa aliyegundua kwamba daktari wake naye ana malaria.

Mtoto wa kaka yangu hakutaka kuta. Alitaka vitabu vya karatasi. Akanunua *Rich Dad Poor Dad* ya Robert Kiyosaki kwenye mataa, kwa kijana aliyekuwa anauza pia chaja na ramani ya Afrika. Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1997, lakini nakala ya kwenye mataa ilitolewa fotokopi na mtu mwenye haraka zake: kurasa nyingine zimelala upande, nyingine zimejirudia, na kuna mahali habari inakatika pale hasa unapotaka kujua hela ya kuanzia ilitoka wapi. Wakosoaji wake wanasema hata nakala halali hapo haisemi sana.

Mle ndani kuna baba wawili. Baba maskini ni msomi, mtu wa idara ya elimu, anaishi kwa mshahara. Baba tajiri ni baba wa rafiki yake, shule hakufika mbali, lakini ana biashara na nyumba. Sasa kaka yangu ni mwalimu mstaafu. Mnaweza kufikiri wenyewe chakula cha jioni kilikuwaje pale Tandika: mzee anamega tonge lake kwa raha, na kijana anamtazama kwa huruma ya kitabu. Mzee akavumilia. Kwa wifi yangu ndipo mambo yalipoharibika. Kijana alimweleza mama yake, kwa upole kabisa, kwamba kwa mujibu wa Kiyosaki mali ni kitu kinachokuingizia fedha mfukoni, na nyumba unayolala mwenyewe inakutoa fedha, kwa hiyo si mali, ni mzigo. Wifi, aliyeuza vitumbua miaka mingi kupata bati za nyumba ile, akafunika sufuria.

"Sawa baba," akamwambia. "Basi usilale kwenye mzigo wa watu."

Ndiyo sababu chumba changu cha mwisho, kile cha karibu na choo, kina mpangaji. Nampa kwa kodi ya ndugu, yaani ile ambayo hailipwi, ila haisemwi kuwa hailipwi.

Alipotulia nikamwazima kitabu kingine, na nilifanya makusudi. *The Richest Man in Babylon* cha George Clason kilichapwa mwaka 1926. Clason alikuwa na kampuni ya kuchapa ramani huko Denver, na hadithi zake za Babeli zilianza kama vijitabu ambavyo benki na kampuni za bima ziliwagawia wateja. Naye anafundisha utajiri, naye ana matajiri wenye hekima, lakini anasema kila mtu amiliki nyumba anayolala. Vitabu viwili vikalala juu ya stuli moja vinapingana usiku kucha. Asubuhi kijana akatoka na mswaki mdomoni.

"Shangazi shikamoo. Sasa mkweli nani?"

Nikamwambia wote wakweli, kila mmoja na benki yake. Mmarekani wa Kiyosaki ana benki inayompa mkopo wa miaka 30 kwa riba ndogo, kwa hiyo anaweza kukaa kwenye kiti akapanga kununua nyumba ya pili kabla hajamaliza kulipa ya kwanza. Sisi tuna mikopo ya nyumba, haikosekani, lakini riba yake ina tarakimu mbili na fomu zake zinataka kujua hata unachokula. Kwa hiyo tunajenga kwa mfuko wetu. Mwaka huu msingi. Mwaka wa pili ukuta mpaka lenta. Kupaua, mpaka kikoba kivunjwe au mafao yatoke. Katikati hapo boma linasimama wazi, mpapai unaota sebuleni, unazaa, na wewe unakwenda Jumamosi kuangalia maendeleo ya mradi unarudi na mapapai. Sura hiyo Kiyosaki hana.

Ukitaka kujua kwa nini wazee wetu walisita, soma vitabu vya wazee wenyewe. Kwenye sanduku la marehemu baba, babu yake kijana huyu, tulikuta Azimio la Arusha la mwaka 1967, limefungwa kwa gazeti. Masharti ya uongozi yako wazi: kiongozi wa TANU au wa serikali asiwe na nyumba ya kupangisha. Baba tajiri wa Kiyosaki angekuwa Tanzania siku hizo, angeitwa kwenye kikao cha tawi. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1971, serikali ikatwaa majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, akaundwa Msajili wa Majengo wa kuyasimamia. Baba hakuwa kiongozi wala hakuwa na jengo la thamani hiyo, lakini alijenga vyumba viwili akaacha, akisema kwamba cha tatu kitaonekana barabarani. Aliishi na hofu ile hadi nchi ikageuka, na viongozi wakaanza kujenga ghorofa mchana kweupe.

Sasa tuje kwenye vitabu ambavyo mimi navisoma kila siku, kwa sababu nina vyumba vitano vya uani na fremu mbili za mbele, na hakuna semina iliyonifundisha lolote kuhusu hivyo.

Cha kwanza ni daftari la fundi. Hii ni riwaya. Lina wahusika wakuu, saruji, mchanga, kokoto na nondo za milimita 12, na mhusika mmoja wa siri anayeitwa "mengineyo", ambaye huonekana kila ukurasa, hufanyi naye kazi, na mwisho wa hadithi ndiye anayeondoka na pesa.

Cha pili ni tangazo la dalali. "Kiwanja tambarare, mita 200 kutoka lami, huduma zote za jamii zipo." Mita hizo hupimwa kwa njia ya kunguru. Kijana alinipeleka kuona kimoja ng'ambo ya Chanika. Tulishuka kwenye bajaji, tukapanda bodaboda, bodaboda akagoma kwenye mchanga, tukatembea, tukafika mahali dalali akanyoosha mkono kwa fahari. Tambarare palikuwa kweli, kwa maana mto ulikuwa umepasawazisha. Nikamkumbusha kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Dalali akasema huo si mto, mama, huo unapita tu wakati wa mvua.

Cha tatu ni mkataba wa pango. Yangu yote ninachapishiwa kwenye steshenari moja ambayo siitaji, maana fotokopi zao ni nzuri. Mpangaji wa fremu, kijana wa chipsi, alikuja na wake mkononi akiwa na swali. Ukurasa wa kwanza ulikuwa safi: jina langu, jina lake, kodi ya miezi sita, notisi. Ukurasa wa pili ulisema kwamba mpangaji amekagua injini, gia na matairi manne, ameridhika, na hatakuwa na madai yoyote baada ya kuondoka na chombo. Kijana aliuliza kwa adabu tu: chombo kiko wapi? Mume wangu akapendekeza tuache hivyohivyo, kwa sababu neno kwamba hatakuwa na madai yoyote lilimpendeza. Huyohuyo wa chipsi, kwa kuwa ni mfanyabiashara, anatakiwa akate asilimia 10 ya kodi ya pango aipeleke TRA. Kwenye kitabu cha Babeli, sehemu ya kumi unajiwekea mwenyewe. Nilimwambia kijana wangu alinganishe.

Cha nne sikumpa mtu, nakiweka chini ya mto. Ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59: nyumba ya wanandoa haiuzwi wala haiwekwi rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Mume wangu, Baba Neema, aliporudi kutoka semina moja ya ujasiriamali, anang'aa, ana kalamu mpya, alikuwa ameshaongea na afisa mikopo na ameshachora ghorofa nyuma ya bahasha. Ilibaki sahihi ndogo tu, mama, ni utaratibu. Nikamuuliza ghorofa hiyo wapangaji watatoka wapi, na kabla hawajatoka marejesho atalipa nani. Akasema kwenye semina hawakufika huko. Tukanywa chai. Bahasha ile baadaye niliandikia hesabu ya unga.

Lakini kitabu kigumu kuliko vyote ni risiti ya LUKU. Mita ni moja, vyumba vitano. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 ni 1,500. Inamkata anayenunua wa kwanza mwezi huo. Wapangaji wangu waligundua jambo hili kabla yangu. Ikawa kila mwanzo wa mwezi, uniti zikiisha, nyumba inaingia giza na hakuna anayelalamika. Watu ambao jana waligombana kwa sababu ya pasi leo wamekaa kibarazani wanapunga upepo, wanasifia mbalamwezi, kila mmoja anamsubiri mwenzake achoke. Aliyechoka kila mara ni mama wa barafu, maana friza haisubiri. Anakwenda kwa wakala, ananunua, anakatwa, anarudi na risiti yake, taa zinawaka, na wote wanasema "ooh" kwa pamoja kana kwamba serikali ndiyo imerudisha.

Nikaona si haki. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Nikatangaza pale uani kwamba anayekatwa 1,500 atanitumia picha ya risiti, nami nitampunguzia kwenye kodi ya chumba. Giza likakoma siku hiyohiyo. Badala yake yakaanza mashindano ya kununua mapema, na mwezi uliofuata nikapokea picha kwenye simu kutoka chumba cha kwanza, cha pili na cha nne. Nilivaa miwani. Namba ya mita moja, saa moja, kiasi kimoja, na pembeni ya kila picha kidole gumba kilekile chenye hina kinachoshikilia karatasi. Mama wa barafu alikuwa amemtumia jirani mmoja ili aone tu ilivyo, na risiti ikatembea chumba kwa chumba kupitia WhatsApp. Nilipowauliza, chumba cha pili alijibu kwamba yeye alielewa ni kodi ya jengo, na jengo wanakaa wote.

Kijana wangu alikuwepo mkutanoni, na ndiye aliyenitetea kwa sauti kubwa. Alisema mwekezaji hawezi kuendelea kama wapangaji si waaminifu, akataja na ukurasa. Nilijisikia vizuri. Niliona kama vitabu vimeanza kumwingia.

Juzi usiku simu ikalia. "Shangazi shikamoo. Kodi ya ile miezi nitaileta hela ya mradi ikiingia. Ila usisahau nimekatwa 1,500 ya jengo, picha hiyo hapo." Nikaitikia marahaba, nikaifungua picha. Aliikata pembeni vizuri sana, lakini ukucha wenye hina ulibaki.