Muulize Shangazi: Paka na Baridi ya Ughaibuni

*Shangazi, shikamoo. Mimi wa Tanga, sasa naishi Minneapolis. Paka wangu kalala nje usiku, karudi ncha za masikio zimepauka na kukakamaa. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea, anataka kumkanda kwa maji ya moto na kumchua. Nimwachie? – Mama Nyau*

Marahaba, mwanangu. Mama mkwe mpe vitunguu amenye, mikono yake ipate kazi. Nyama iliyoganda ina chembe za barafu ndani, ukiisugua unaichanachana. Maji ya moto nayo hapana, wala mashine ya kukaushia nywele: sikio limekufa ganzi, litaungua paka asijue. Loweka kitambaa kwenye maji ya vuguvugu, mwekee bila kusugua, kisha mkaushe. Usiku huo asitoke tena, kwani sikio likiyeyuka kisha likaganda upya, huharibika zaidi. Parasetamoli usimpe hata kipande, inaua paka. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na kama amelegea, mfunike blanketi mwende sasa hivi. Joto la paka mzima ni nyuzi 38 hadi 39. Likishuka chini ya 37, hapo si suala la masikio tena. Baada ya siku kadhaa ncha zinaweza kuwa nyeusi na kudondoka. Atabaki na masikio mafupi na maringo yale yale.

*Shangazi, kila asubuhi napiga boneti ya gari makofi kabla ya kuwasha. Majirani hapa Edmonton wananiona kichaa. Niache? – Dereva*

Usithubutu! Paka hujipenyeza kwenye injini iliyolala na joto, na ukiwasha, feni haiulizi mtu. Piga, kisha wasalimie majirani. Ila hebu chungulia chini ya gari: rejeta haivuji? Kulanti yenye ethilini glikoli ina utamu, na kijiko kimoja cha chai chatosha kumuua paka. Akilamba, dawa yake inatakiwa ndani ya saa 3. Usingoje aanze kuyumba.

*Shangazi, mke wangu kamjengea paka wa mtaani kibanda uani, akamtandikia shuka langu la Kimasai. Niko Oslo, nasikia baridi. – Mnyonge*

Shuka lidai, baba, na haki iko kwako: nguo hunyonya unyevu, ikalowa, ikamgandisha mlalaji. Mtandikieni paka mabua makavu ya ngano. Kibanda kiwe kidogo, kiinuliwe kutoka chini, na mlango umtoshe paka tu. Ukishindwa kulipata shuka, usijaribu kuingia humo.