Kila Mtu na Ford ya Babu Yake

Ukitaka kujua ni nani aliyemiliki gari huku kwetu kabla ya vita vya Hitler, njoo ukae na sisi wapenzi wa picha za magari ya kale. Utaambiwa kila babu alikuwa nalo. Kwa jinsi albamu zinavyodai, barabara ya Embu kwenda Meru mwaka 1935 ilikuwa na msongamano kuliko ile ya Thika saa kumi na mbili jioni.

Tunakutania Chuka. Si kwamba Chuka kuna gari la kale la kutazama. Ni kwamba watu wa Embu hawataki kupanda hadi Meru, watu wa Meru nao hawataki kuteremka hadi Embu, na Chuka iko katikati. Hata hapo mezani amani ni haba. Upande huu wanatafuna miraa, upande ule muguka, na mhudumu wa hoteli anatukodolea macho kwa sababu tumeagiza birika moja la chai tangu asubuhi.

Eti tunashirikishana picha. Kushirikishana gani? Kuna mzee wa Runyenjes ambaye huja na bahasha ya kaki, akaifungua kidogo tu, ukaona gurudumu la mbele na nusu ya madigadi. Ukitoa simu uipige, anaifunika kwa kiganja. Anasema tutamwibia. Nani amwibie gurudumu la 1929?

Na picha zenyewe, Mungu atusamehe. Mwalimu mmoja mstaafu alituletea Morris Minor, akaapa ni ya kabla ya vita. Nikamwambia kwa adabu, Mwalimu, Morris Minor ya umbo hili ilianza kuundwa 1948. Akanijibu kwa utulivu wote, "Ndiyo, kabla ya vita. Dharura ya Mau Mau ilitangazwa Oktoba 1952." Hapo nilinyamaza. Kwa mtu aliyezaliwa Embu au Meru, kuna vita vipi vingine vya kuhesabia miaka? Lakini Morris ile imebaki kwenye albamu ya magari ya kale, na kila nikiiona tumbo linaniuma.

Halafu kuna suala la Kangangi. Wameru ndio waliompa jina hilo Bwana Horne, DC aliyeweka boma pale Meru mwaka 1908. Basi tangu siku hiyo kila mzungu mwenye kofia pana aliyesimama kando ya gari ni Kangangi. Juzi tumeonyeshwa Kangangi akiegemea Ford V8. Ford V8 ilitoka 1932. Robo karne imepita na Kangangi hana hata unywele mmoja mweupe.

Wengine wanasingizia hata mlima. Nililetewa picha ya Chevrolet, chini imeandikwa "Embu", na nyuma ya gari vilele vya Mlima Kenya vimechomoza juu ya uwanda mpana uliokauka, hakuna mgomba wala bonde. Huo ni upande wa Nanyuki, mtoto wa darasa la nne anajua. Mwenye picha hakutikisika. Alisema siku hizo miti ilikuwa haijapandwa.

Lakini kisa kilichotutoa jasho ni cha picha moja ya Ford ya Model T, ile iliyokoma kuundwa 1927, magurudumu ya spoku za mbao. Gari liko kwenye mteremko wa matope, pua imeelekea bondeni. Kwenye ubao wa kukanyagia zimefungwa debe za petroli, maana petroli ilikuja kwa debe, mbili kwa kila sanduku la mbao, na debe hizo ndizo mama zetu walizipimia mahindi. Mbele ya gari kuna wanaume wamejazana, vifua vyao vimeegemea rejeta. Nyuma ya picha kumeandikwa kwa Kiingereza aina ya gari, jina la bwana mwenye gari, na jina la mbwa wake. Wanaume wale hawakuandikwa.

Mabingwa wetu wakakata shauri kwamba gari linateremka na wale wanaume wanalizuia lisiporomoke. Wakabishana kuhusu breki mpaka chai ikapoa. Fundi, ambaye huja tu kwa sababu anampenda mwenye hoteli, akaitazama picha mara moja akasema, "Linapanda."

Tukamcheka. Akatueleza. Tangi la Model T lilikuwa chini ya kiti cha mbele, petroli inateremkia injini yenyewe, pampu hakuna. Ukipanda mlima mkali pua ikiwa juu, na petroli imepungua, injini inakauka na gari linazima. Dawa ilikuwa kuligeuza, ukapanda kinyumenyume. Tena rivasi yake ilikuwa na nguvu kuliko gia ya mbele. Sasa wewe uliyewahi kupita daraja la Nithi, fikiria kuupanda mteremko ule kwa rivasi, udongo mwekundu umelowa mvua ya Aprili, unatazama nyuma shingo imepinda, na mbele yako wanaume wanasukuma chuma kilichochemka kama sufuria ya githeri.

"Na huyu wa tatu ni babu yangu," Fundi akaongeza. Tukamuuliza amejuaje. Akaonyesha mguu: kidole gumba hakipo, kilikatwa na jembe. Mezani pakawa kimya. Ndiye mtu wa kwanza kwenye kikao chetu kudai babu aliyesukuma, na ndiye pekee ambaye hakuna aliyembishia. Nasikia sasa mzee wa Runyenjes ameanza kuona shangazi zake kwenye tope lile lile.

Kero yangu ya mwisho ni makasi. Ipo picha nzuri mno ya boksibodi, moja ya yale magari yaliyoletwa fremu na injini tu na kujengewa mwili wa mbao hapa Kenya, na mahali pa uso wa dereva pana tundu la duara. Uso wenyewe uko kwenye kijitabu cha mazishi.

Kwa hiyo, msomaji, ikiwa kuna picha kama hizo ndani ya sanduku la nyanya yako, muulize leo, akiwa bado anakumbuka. Andika nyuma kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, ni gari gani, mahali gani, na waliosukuma ni akina nani. Jina la mbwa si lazima. Ficha makasi. Kisha ilete Chuka tuione yote, bila kiganja juu yake, na ulipie chai yako mwenyewe.