Nyumba Inayostaafu Ikiwa na Miaka Kumi na Mitano

Jamaa wa Makongeni na Kiganjo huko Thika, pamoja na ninyi mliohamia Ruiru mkaanza kusema mnaishi Nairobi,

Naona lile tangazo bado linazunguka kwenye simu zenu: nyumba ya pwani Uingereza, pauni 30,000, sebule, vyumba viwili vya kulala, bahari dirishani. Mmepiga hesabu mkapata shilingi milioni tano hivi, bei ya ploti ya Ruiru yenye jirani mkorofi, kisha mkauliza sisi tulioko huku Uingereza tunangoja nini. Picha haidanganyi. Bahari ipo, dirisha lipo, hata chai anayokunywa yule mzee wa pichani ni ya kweli, ingawa huku majani huonyeshwa maji kidogo tu kisha yakatupwa. Kisichoonekana ni kifungu kimoja cha mkataba, nacho ndicho kilichonikalisha kuandika: nyumba hiyo ikifikisha miaka 15, sharti iondoke kwenye uwanja wa watu ilipowekwa. Si lazima iwe imeoza au inavuja. Imestaafu, basi. Uwanja mwingine husema miaka 10, mwingine 20 au zaidi, lakini wazo ni lilelile. Thika kuna vyumba vya mabati vilivyozeeka kuliko wapangaji wake wote, na bado mwenye ploti ameongeza kodi bila haya.

Kitu chenyewe ni karavani, ila si ile ya kuvutwa na gari Ijumaa jioni. Hii huletwa juu ya lori, ikateremshwa kwenye sakafu ya zege, na hapo safari imekwisha. Ukichungulia chini ya ile sketi ya plastiki iliyozungushiwa pembeni utaona vichekesho: ekseli moja, magurudumu mawili yaliyolala bila upepo, na mbele ndoano ya kuvutia iliyoshika kutu na kuotewa na nyasi. Uzito wote umekalia vijiti vya chuma na matofali, na pwani penye upepo mkali nyumba hufungwa kwa minyororo isije ikaondoka yenyewe. Yaani ina magurudumu ili iweze kwenda, na minyororo ili isiende. Sheria ya mwaka 1960 inasema karavani ni kitu kilichotengenezwa kwa makazi ya watu na kinachoweza kuhamishwa kutoka mahali hadi mahali, kwa kuvutwa au kwa kupakiwa juu ya gari. Tangu 2006 Uingereza inaruhusu kiwe na urefu wa mita 20 na upana wa mita 6.8. Hesabuni wenyewe: eneo hilo ni sawa na vyumba 14 vya futi kumi kwa kumi, ploti nzima ya Kiganjo pamoja na keateka, na bado serikali inakiita kitu cha kuhamishwa. Watoza kodi nao walitatizika. Nyumba mpya ya kawaida haitozwi VAT, karavani ya kuvutwa hutozwa asilimia 20, na hizi za kukaa, zile zisizofikia kiwango cha nyumba ya mwaka mzima, zikaanza kutozwa asilimia 5 mwaka 2013. Hiyo ndiyo bei ya kutojua kama unaangalia nyumba au gari.

Lakini kanuni iliyonishinda kabisa ni ya makazi. Ukishanunua nyumba hii huruhusiwi kuishi ndani yake. Unaweza kulala, kupika, kualika wajukuu na kukaa kibarazani hadi uchoke, mradi uwe na kwako kwingine, na kila mara mwenye uwanja anaweza kukudai uthibitisho, kwa kawaida bili ya kodi ya halmashauri ya nyumba yako halisi. Ili ukubaliwe kutumia nyumba uliyonunua, lazima uonyeshe kwamba huihitaji. Halafu kunakuja baridi. Viwanja vingi hufungwa kwa wiki kadhaa kati ya Januari na Machi, na kabla ya kufungwa nyumba hufanyiwa jambo kama mazishi madogo: fundi anafunga maji, anafungua kila bomba, anapuliza hewa ndani ya mifereji mpaka tone la mwisho litoke, kisha anamimina dawa ya kuzuia maji yasigande ndani ya choo na kwenye sinki. Asipofanya hivyo maji yataganda na kupasua mabomba. Ninyi mnaolalamika kwamba maji ya kaunti huja mara mbili kwa wiki, mjue kuna watu wanalipa mtu ayafukuze.

Sasa tuulizane: magurudumu yasiyozunguka yapo kwa faida ya nani? Mimi nasema yapo kwa faida ya mwenye ardhi. Nyumba ikiwa imeshikamana na ardhi, sheria humwona aliye ndani kama mtu mwenye makao, na kumtoa kunahitaji sababu. Ikiwa ni kitu kilichowekwa tu juu ya ardhi, aliye ndani ana mali yake kama aliye na kabati, na anayemiliki sakafu anaweza kumwambia aondoe kabati lake. Mwaka 1997 majaji wakuu wa huku, katika kesi ya Elitestone dhidi ya Morris, walipewa swali hilihili kuhusu vibanda vya mbao huko Holtsfield, karibu na Swansea. Mwenye ardhi alidai kwamba nyumba zile zilikaa tu juu ya nguzo za zege kwa uzito wake. Majaji wakasema nyumba isiyoweza kuondolewa bila kubomolewa ni sehemu ya ardhi, na wakaaji wakapata ulinzi wa wapangaji. Angalieni maana yake. Aliyekuwa na kibanda kibovu kisichohamishika alishinda. Aliyenunua nyumba ya kisasa yenye magurudumu hana hoja hiyo. Tena sheria ya mwaka 1983 inayowalinda wanaoishi mwaka mzima kwenye nyumba za aina hii haiwagusi wa likizo. Sheria ya 2013 iliwaimarisha wale wa mwaka mzima, na mwaka 2023 ikaamuliwa ada zao zisipandishwe kwa kipimo kikali cha mfumuko wa bei bali kwa kile cha wastani zaidi. Wa likizo wamebaki na mkataba wao na sheria za jumla za mlaji. Kwa hiyo ile bili ya nyumba nyingine si udadisi wa mwenye uwanja: kwa kuionyesha, mnunuzi anatia sahihi ya kujitoa mwenyewe nje ya ulinzi.

Baada ya hapo mengine yanafuatana yenyewe. Ada ya kiwanja ni maelfu ya pauni kwa mwaka, na hupandishwa na yuleyule anayeipokea. Gesi mara nyingi lazima ununue kwake. Ukitaka kuuza, mnunuzi sharti akubaliwe naye, na kamisheni yake kwa kawaida ni asilimia 15 na VAT juu yake, wakati kwa nyumba za mwaka mzima sheria imeweka mwisho asilimia 10. Kadiri miaka ya leseni, yaani ruhusa ya kuiweka pale, inavyopungua ndivyo thamani inavyoyeyuka, kwa sababu anayenunua karavani ya miaka 12 ananunua miaka mitatu ya zege. Ukichoka na kutaka kuihamishia kwingine, ndipo unapogundua kwamba viwanja vingi havipokei nyumba ambayo havikuiuza vyenyewe. Mwisho wa yote anayebaki mnunuzi ni mwenye uwanja, naye anajua hilo kuliko wewe.

Msidhani jambo hili ni la Wazungu. Mama anayeuza chapati mbele ya geti la kiwanda Thika analijua vizuri zaidi. Kibanda ni chake, mabati kayanunua kwa jasho lake, ila pale kinaposimama ni kwa hisani ya mtu au ya barabara. Siku alama nyekundu ya X inapopakwa ukutani, ubora wa kibanda hauna uzito wowote. Wenye vibanda kando ya barabara kuu ya Thika walionyeshwa hivyo kabla lami mpya haijakamilika mwaka 2012. Kiandutu, mtaa wa mabanda wa Thika, watu wana nyumba bila hati, na kila uvumi wa kuhamishwa unawakosesha usingizi. Pwani wana utaratibu mkongwe wa nyumba bila ardhi: Mombasa, mitaa kama Majengo, mtu anamiliki nyumba ya Kiswahili na kumlipa mwingine kodi ya kiwanja, na mahakama zetu zinaujua utaratibu huo. Huko angalau hakuna aliyejidanganya kwamba nyumba ya udongo na boriti itavutwa na gari. Na Zanzibar, mwaka 1928, wakazi wa Ng'ambo waliokuwa na nyumba zao juu ya ardhi ya wengine walichoka, wakagoma kulipa kodi ya kiwanja, wanawake wakiwa mstari wa mbele, mpaka kodi hizo zikawa suala la serikali. Hao hawakuwa na leseni ya kurasa 20. Walikuwa na umoja, jambo ambalo ni vigumu kwa wenye karavani kulipata, kwani kila mmoja anakuja wikendi yake na kurudi kwake.

Najua mtaniambia: walitia sahihi wenyewe, nani aliwashika mkono? Kweli walitia. Lakini mkataba hufanana karibu kila uwanja, na anayetaka bahari hana wa kujadiliana naye. Anaonyeshwa kwanza dirisha, halafu bei, kisha karatasi. Mwaka 2005 ofisi ya serikali iliyosimamia biashara ya haki ililazimika kutoa mwongozo maalumu juu ya vifungu vya uonevu katika mikataba ya karavani za likizo. Serikali haiandiki mwongozo kuhusu kitu ambacho watu wanakifurahia. Na hoja ya sahihi ina mwisho wake. Sisi wenyewe tulitia sahihi kwenye fomu za kampuni za kununua ardhi, wazee wakapewa vyeti vya hisa, na wengine mpaka leo wanatunza vyeti hivyo chini ya godoro wakingoja ploti.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, na mgala muue na haki yake mpe. Mwenye uwanja anakata nyasi, anavuta stima na maji mpaka kila mlango, analipa walinzi, anatengeneza bwawa la kuogelea, na bahari inamlia ardhi yake kila mwaka. Karavani chakavu zikijaa, wageni wapya hawaji. Haya yote nayakubali, na ada kubwa peke yake nisingeiita dhuluma. Kodi ikipanda Makongeni, mtu hubeba kitanda na meko akahamia Kiganjo kabla ya magharibi. Mwenye karavani hana mkokoteni wa namna hiyo. Dhuluma ni kumfanyia mtu yote kwa pamoja: kupandisha ada, kuweka kikomo cha umri, kuzuia njia ya kuhama, kukata kamisheni, kisha kujitokeza kama mnunuzi pekee. Kikomo cha miaka kingeweza kubadilishwa kuwa ukaguzi. Fundi akikuta sakafu imeoza, iondoke. Akikuta nzima, ibaki. Magari hukaguliwa hivyo kila mwaka katika nchi hiihii, na hakuna anayesema gari la miaka 15 lazima life.

Hoja ya tatu naisikia kutoka Eneo la Viwanda mpaka hapa: haya ni matatizo ya matajiri, mtu mwenye nyumba mbili atalia nini? Ingekuwa kweli kama matajiri ndio wanunuzi. Angalieni historia ya mji wa pwani wa Skegness. Kampuni ya Butlin's ilifungua kambi yake ya likizo huko 1936, wachimba makaa wa Derbyshire wakapata ya kwao 1939, mwaka mmoja baada ya sheria ya likizo yenye malipo. Pwani hiyo ya Lincolnshire ilijengwa kwa wiki za mapumziko za watu wa migodi na viwanda, na hadi leo wengi wanaonunua karavani kule ni wa tabaka hilohilo: watu waliosimama kwenye mashine miaka thelathini, wakapokea kiinua mgongo, wakasema sasa nami nitaamka nione maji. Huyo ni mtu wenu. Mpeni ovaroli ya kiwanda cha Thika mtamtambua mara moja, ila yeye angependa karavani na ninyi mngependa ng'ombe wawili na ploti Gatundu.

Mimi ninayewaandikia haya yote kama wakili wa ardhi, jueni ninapanga chumba ambamo heater hula sarafu kuliko matatu ya Githurai, na kwamba sisi watu wa Kiambu hatuwezi kuona kipande cha nyasi bila kuuliza hati iko kwa nani. Huenda ndiyo sababu bahari ya picha ile haikunishika. Mvua ikipiga juu ya paa la karavani hutoa sauti ileile ya mabati, na mtu akifumba macho anaweza kuamini kwamba nje kuna harufu ya mananasi na kuna mtu anachoma mutura. Hiyo ni sababu ya kupanga wiki moja ya Agosti. Si sababu ya kununua.

Kwa anayeendelea kutamani, hapo au huku, asianze na bei. Aulize leseni imebakiza miaka mingapi, ada ilipanda kiasi gani miaka mitatu iliyopita, na kama ataruhusiwa kumuuzia amtakaye. Apewe mkataba mzima kabla ya arubuni, auchukue nyumbani, ausome bila dirisha la bahari mbele yake. Akinyimwa, arudi zake.