Barua ya Wazi kwa Wasiokufa wa Paris

Waheshimiwa wanachama wa Académie française, mnaoitwa Wasiokufa,

Nawaandikia kutoka Marseille. Mtaniwia radhi kuwaandikia kwa Kiswahili. Kifaransa changu kwa sasa kina shughuli nyingi, kinajiandaa kwa mtihani, na mwalimu amekikataza kutokatoka ovyo.

Huenda habari hii haijawafikia kwa kuwa haiwahusu: tangu tarehe 1 Januari 2026, anayeomba uraia wa Ufaransa sharti athibitishe Kifaransa cha daraja la B2, cha kusema na cha kuandika. Kabla ya hapo B1 ilitosha. Kwa lugha ya mtaani kwetu, B1 ni kumweleza daktari unaumwa wapi. B2 ni kubishana naye juu ya sera ya afya. Halafu kuna mtihani wa uraia wenyewe, maswali 40 kwa dakika 45, na asiyefikisha 32 arudi akasome.

Wengi wetu hapa tumechagua cheti cha DELF, kwa kuwa hakiishi muda wake. Sehemu ya kuandika ni saa moja na maneno yasiyopungua 250, na mara nyingi unatakiwa uandike barua rasmi ya kutetea hoja, tuseme kwa meya anayetaka kufunga maktaba. Kwa hiyo jioni zetu zote ni za malalamiko. Tumekwisha kumlalamikia meya wa kubuni kuhusu maktaba, kelele za baa na miti iliyokatwa. Mtu ambaye hajawahi kuthubutu kumuuliza msimamizi wake malipo ya saa za usiku yamekwenda wapi, sasa anamkaripia kiongozi wa mji kwa adabu zote, “hata hivyo” hapa, “kwa upande mwingine” pale, na mwishoni anamwomba apokee salamu zake za heshima kubwa. Ufaransa inatufunza kumsuta meya hata kabla hatujapata kura ya kumwondoa. Huo ni ukarimu, na naomba usipite bila kushukuriwa.

Darasani tuna Bi mmoja wa Kingazija, amepita miaka sitini. Alizaliwa bendera yenu ikipepea Moroni. Komoro ilijitawala tarehe 6 Julai 1975, yeye tayari anajua kutembea na kutumwa dukani. Kila siku kabla ya alfajiri anasafisha maofisi. Kifaransa chake kimesikika na kueleweka miaka yote hiyo, kwani hajawahi kuambiwa ghorofa ya tatu akapeleka ndoo ghorofa ya sita. Zamani wazee wa umri wake walisamehewa kuleta cheti cha lugha. Msamaha huo uliondolewa mwaka 2020, pengine kwa hoja kwamba mtu akizeeka ndipo hasa anapata wasaa wa sarufi.

Na sarufi anaijua kuliko mnavyodhani. Sisi tuliolelewa na ngeli hatutishwi na upatanisho: kwetu kitu kikianguka sentensi nzima inaanguka nacho. Lakini kitenzi chenu cha wakati uliopita kinapatana na mtendwa akiwa ametangulia, akifuata nyuma hakimjui. Bi aliuliza: mtendwa amekosa nini kwa kuchelewa? Mwalimu, Mfaransa wa kuzaliwa, alifungua kitabu, akakifunga, akasema tuendelee.

Wala si yeye peke yake. Mwaka 2025 redio ya taifa, franceinfo, iliwapa Wafaransa kumi mitihani kama yetu, na baadhi yao wakaanguka kwenye kuandika. Sijasikia kwamba walipokonywa pasipoti.

Sasa niwageukie ninyi. Kardinali Richelieu aliwapa viti 40 mwaka 1635 mkakabidhiwa ulinzi wa lugha. Toleo la nane la kamusi yenu lilikamilika 1935, la tisa 2024. Miaka 89! Sisi tunapewa saa moja. Kitabu chenu cha sarufi, cha pekee mlichowahi kukitoa, kilitoka 1932, na mwaka huohuo mwanaisimu Ferdinand Brunot akachapisha kitabu kizima cha kukikosoa. Mngekuwa mmekitoa katika chumba chetu cha mtihani, mngeambiwa mrudi baada ya miezi michache na ada nyingine mkononi.

Tena mna huruma mkitaka. Mwaka 2021 mlimchagua mwandishi Mario Vargas Llosa, aliyekwisha kuvuka umri mliojiwekea, na ambaye hakuwahi kuandika hata kitabu kimoja kwa Kifaransa. Sina kinyongo na marehemu. Alistahili kiti chochote alichokalia. Ninachovutiwa nacho ni utaratibu: mtu anaandika barua ya kuomba kiti, mnapiga kura, basi. Mwenzetu wa Bukavu, aliyesoma sekondari yote kwa Kifaransa na vyeti vyake vikapotea katika kukimbia vita, angependa kujua barua hiyo hupelekwa dirisha gani.

Ombi langu ni dogo. Siwaombi mshushe daraja. Lugha tamu haina haja ya kuonewa huruma. Njoni tu mkae nasi kikao kimoja, ninyi na waliopiga kura ya sheria ile ya B2, saa moja, maneno 250, mada iwe maktaba ileile. Karatasi zisahihishwe bila majina, matokeo yabandikwe ukutani. Bi wa Kingazija amekubali kuwawekea nafasi safu ya mbele.

Mje na kitambulisho chenye picha na kalamu nyeusi. Makoti yenu ya kijani yenye tarizi yanaruhusiwa. Panga zenu mziache mlangoni pamoja na simu, maana msimamizi wa chumba ni mkali, na kamusi ni marufuku kuingia nayo, hata kama mmeiandika wenyewe.

Pokeeni, waheshimiwa, salamu zangu za heshima kubwa (hili tumelifanyia mazoezi),

Mwombaji wa uraia, Marseille