Asilimia 96, na Giza Totoro

Kipimo cha betri ya sola kina sehemu mbili. Kuna kioo cha ukutani, ambacho wageni huonyeshwa kabla hata ya kukaribishwa chai, na kuna shanti, kipande cha chuma kinachofungwa kwenye waya hasi karibu na betri, ambacho hakuna anayekikumbuka mpaka mambo yaharibike. Shanti nyingi huandikwa 500A/50mV: zikipita ampea 500, kati ya ncha zake mbili huwa na milivolti 50. Kwa kusoma kiasi hicho kidogo, kipimo hujua ampea zinazoingia na zinazotoka, kikajumlisha na kutoa usiku na mchana. Ni kama konda aliyesimama mlangoni: abiria aliyeparamia dirishani hamhesabu.

Na wa dirishani hawakosekani. Kanuni ni kwamba ncha hasi ya betri ishikwe na waya wa shanti peke yake. Inverta, taa, chaji kontrola na vingine vyote vianzie upande wa pili. Fundi hufunga hivyo, hupewa soda, huondoka. Ndipo anapotokea shemeji. Katika nyumba zilizo mbali na nguzo za TANESCO shemeji huyu hukosekana mara chache: aliwahi kufunga redio ya gari, na ana kipande cha waya kilichobaki. Televisheni ya volti 12 huibana moja kwa moja kwenye betri, maana hapo, kwa maelezo yake, ndipo umeme ulipo freshi. Zikipita siku tatu za mawingu, mpira unakatika dakika ya 70, na kioo ukutani kinasoma asilimia 96. Kikao cha familia hukaa hapohapo gizani kukihukumu kipimo, na shemeji huwa mmoja wa mahakimu.

Shanti yenyewe ikifungwa kinyume, jua likichomoza kioo huonyesha betri inaishiwa, na taa zikiwashwa jioni huonyesha inajaa. Kosa hili husahihishwa kwa spana na dakika tano, ingawa wapo wateja ambao kwa wiki nzima huamini wameuziwa paneli za mbalamwezi.

Baada ya waya ni tarakimu, na hapa ndipo penye kazi. Betri ya asidi iliyoandikwa ampea-saa 200 kwa kawaida imepimwa kwa kutoa ampea 10 kwa saa 20. Ikikamuliwa kwa kasi hutoa pungufu; Mjerumani Wilhelm Peukert alilieleza jambo hilo mwaka 1897, miaka mingi kabla ya pasi ya wati 1,000 kuchomekwa kwenye inverta ya volti 12. Pasi hiyo huvuta zaidi ya ampea 83. Mwenye nyumba hugawanya 200 kwa 83, akapata saa mbili na ushee za kupiga pasi sare za shule. Kwa hesabu ya Peukert, kipeo kikiwa 1.25, hata saa moja na nusu haifiki, tena kwa kuikausha kabisa betri ambayo haipendi kushuka chini ya nusu. Betri ya lithiamu hupewa kipeo cha karibu 1.05, na huko ugomvi wa pasi ni mdogo.

Kipimo pia hakijui betri imejaa mpaka kielezwe dalili zake. Vingine hutoka kiwandani vikiwa na dalili rahisi mno: volti zivuke 13.2 na mkondo wa kuchaji ushuke chini ya asilimia 4 ya ujazo, kwa dakika tatu. Saa nne asubuhi wingu likipita juu ya paneli, mkondo hushuka huku volti zikiwa bado juu, na kipimo hutangaza asilimia 100. Mama mwenye nyumba, kwa furaha, huwasha friji. Ikiwa chaja hupandisha hadi volti 14.4, ni heri kipimo kiwekewe 14.2 hivi, mawingu yakose la kutangaza.

Muda uliobaki nao usichukuliwe kama ratiba. Ikiwaka taa moja, kioo huahidi saa 200. Kompresa ya friji ikinguruma, zinabaki 16. Aliye na roho nyepesi huizima friji, anaona saa zimerudi, anaiwasha, zinapotea tena. Mchezo huo huendelea mpaka maziwa yachache.

Mwisho ni uzee. Betri ya ampea-saa 200 haibaki 200, lakini kipimo huendelea kuamini kilichoandikiwa siku ya kwanza, kikiahidi nusu ambayo haipo. Dawa ni kupima upya na kushusha tarakimu, tuseme hadi 140. Fundi atakayefanya hivyo mbele ya mteja ajiandae kueleza ampea-saa 60 amezipeleka wapi.